Ardhi Ikipasuka, Hutoka Nini?

Tarehe 17 Julai 2007, wafanyakazi wa maghorofa ya Nairobi walishuka ngazi mbio na kujaa mitaani. Arusha nako ardhi ilitikisika. Chanzo kilikuwa chini ya Gelai, mlima wa volkano uliolala kusini-mashariki mwa Ziwa Natron, ambako mitetemo midogo na mikubwa ilikuwa imeanza tangu tarehe 12 ya mwezi huo. Tetemeko la tarehe 17 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na ndilo lililoyapita mengine yote katika mfululizo ule. Wiki saba baadaye, tarehe 4 Septemba, Ol Doinyo Lengai, jirani wa Gelai, ulilipuka na kurusha majivu juu angani. Mlima huo ulikuwa ukimwaga lava taratibu ndani ya kasoko yake tangu 1983. Sasa ulibadili tabia ghafla.

Wengi walifunga hesabu hapo hapo: tetemeko limeuamsha mlima. Ni hesabu rahisi, na huenda ina ukweli ndani yake, lakini imeruka hatua kadhaa.

Picha za rada za setilaiti zilionyesha jambo ambalo mtu aliyesimama juu ya ardhi asingeliona. Kwanza, ufa mmoja wa eneo lile uliteleza kwa siku kadhaa, polepole, bila kishindo cha kulingana na mwendo wake. Kisha magma ikajipenyeza chini ya Gelai ikiwa ukuta uliosimama wima, wenye urefu wa kilomita kadhaa na unene unaokaribia mita 2. Ukuta huo haukufika juu. Uligandia humo humo ardhini. Timu iliyoongozwa na Eric Calais ilichapisha matokeo haya mwaka 2008 katika jarida la Nature, na hoja yao ilikuwa nzito: sehemu kubwa ya kutanuka kwa ardhi katika majuma yale haikufanywa na matetemeko. Ilifanywa na utelezi wa kimyakimya na magma iliyojitafutia nafasi. Matetemeko yaliyowakimbiza watu wa Nairobi yalikuwa kelele za kazi iliyokuwa ikiendelea chini.

Kwa hiyo tuna mambo matatu yaliyofuatana: ufa uliteleza, magma ikaingia, mlima wa jirani ukalipuka. Kufuatana si kusababishana.

Anayedhani kwamba tetemeko kubwa hutosha kuwasha volkano na aitazame Rukwa. Tarehe 13 Desemba 1910 ardhi ya eneo hilo ilitikiswa na tetemeko lenye ukubwa wa takriban 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa kuwahi kurekodiwa Afrika. Hakuna mlima uliotema moto kwa sababu yake. Tarehe 6 Januari 1928 ilikuwa zamu ya Subukia nchini Kenya, ukubwa wa 6.9, na ardhi ilichanika waziwazi kwenye kingo za Laikipia. Volkano za Kenya zilinyamaza. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, ambalo watu wa Bukoba hawajalisahau, lilikuwa na ukubwa wa 5.9, sawa kabisa na lile la Gelai. Nyumba zilianguka, watu walikufa, lakini hapakuwa na magma ya kuitikia wito huo. Ukubwa wa tetemeko, peke yake, hautuambii kitu kuhusu moto.

Kinachotuambia ni kilicho chini ya ufa.

Mwamba wa tabaka lililo chini ya ganda la dunia, ambalo wanajiolojia huliita manto, una joto la kutosha kuyeyuka, ila umekandamizwa na uzito wa miamba iliyo juu yake kiasi kwamba unabaki mgumu. Bamba la ardhi likivutwa kwa mamilioni ya miaka, huwa jembamba. Manto hupanda kujaza nafasi, mkandamizo hupungua, na sehemu ndogo ya mwamba huyeyuka. Chini ya Afrika Mashariki kuna pia joto la ziada linalopanda kutoka kina kirefu, na kuna maji na hewa ya ukaa vilivyofungiwa ndani ya miamba, ambavyo hurahisisha kuyeyuka. Shughuli hii hufanyika makumi ya kilomita chini, na pengine zaidi ya kilomita 100. Nyufa tunazozijua, zile zinazotengeneza kingo za Bonde la Ufa, haziendi mbali hivyo. Hukata sehemu ya juu tu ya ganda. Ni kosa, basi, kusema kwamba ufa huzaa magma. Ufa na magma ni watoto wa mzazi mmoja, ambaye ni kuvutwa kwa bara. Ufa, ulio mdogo na wa juu, hufungua au kufunga njia ya mwenzake.

Kiasi cha mwamba kilichoyeyuka ndicho kinachoamua magma itakuwa ya namna gani, na hapa jiko la pwani linafundisha vizuri kuliko maabara. Anayekuna nazi anajua kwamba tui la kwanza, lililokamuliwa kwa maji kidogo, ni zito na limebeba karibu mafuta yote. Kadiri anavyoongeza maji na kukamua tena, tui huwa jingi na jepesi. Manto nayo ni hivyo. Ikiyeyuka kwa sehemu ndogo sana, hutoa magma kidogo iliyojaa vitu visivyopenda kukaa ndani ya fuwele za mwamba: sodiamu, potasiamu, floridi, hewa ya ukaa. Ikiyeyuka kwa sehemu kubwa, vitu hivyo hutawanyika ndani ya magma nyingi, na kinachopatikana ni basalti ya kawaida, ndugu wa ile inayotandaza sakafu za bahari.

Safari ya kutoka Afar hadi Natron inaionyesha hali hii kama ilivyo. Kule Afar, kaskazini mwa Ethiopia, bara limevutwa kwa muda mrefu na ganda limebaki jembamba. Erta Ale, maarufu kwa ziwa lake la lava, hutoa basalti inayokaribiana na ya baharini. Ukishuka kusini kupitia Ethiopia hadi Kenya, bamba linakuwa nene, kasi ya kutanuka inapungua, na magma inazidi kuwa na sodiamu na potasiamu. Uwanda wa juu wa Kenya umefunikwa na fonolaiti, mwamba wenye asili hiyo, uliomwagika zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita. Ukifika kaskazini mwa Tanzania, Bonde la Ufa linagonga ukingo wa kiini cha kale cha bara, kile kinachoitwa Kratoni ya Tanzania, chenye mizizi inayoshuka zaidi ya kilomita 150. Huko ardhi hutanuka kwa milimita chache tu kwa mwaka. Kinachokamuliwa ni tone la kwanza, na tone hilo ndilo Lengai.

Mlima huu, wenye kimo cha karibu mita 2,960, ndio volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya kabonati ya sodiamu. J. B. Dawson aliingia kwenye kasoko yake mwaka 1960, na miaka miwili baadaye akawaeleza wanasayansi wenzake kwamba lava aliyoiona haikuwa na silika ya kutajika. Basalti hutoka ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hivi za Selsiasi. Hii hutoka na nyuzi kati ya 500 na 600. Mchana ni nyeusi, au hudhurungi iliyokolea, na mtu anaweza kuidhania matope yanayotiririka. Usiku ndipo huonekana kuwa na wekundu hafifu. Hukimbia karibu kama maji. Ikishapoa na kukutana na unyevu wa hewa, katika saa au siku chache hubadilika kuwa nyeupe, ndiyo sababu kilele cha Lengai huwadanganya wageni wakadhani kina theluji. Madini yake mawili makuu yamepewa majina ya nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, na gregoriiti, kwa heshima ya John Walter Gregory, Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1893 na kulieleza Bonde la Ufa kwa ulimwengu wa sayansi. Rais na mwanajiolojia wamekutana ndani ya jiwe linaloyeyuka kwenye maji!

Mlipuko wa 2007 haukuwa wa lava hiyo tulivu. Majivu yake yalikuwa mchanganyiko wa kabonati na nefelinaiti, yaani magma yenye silika na moto zaidi iliyopanda kutoka chini. Magma hiyo mpya ilipokutana na kabonati iliyokuwa imekaa karibu na juu, hewa ya ukaa ilifumuka kwa wingi na mlima ukabadilika kutoka kumwaga hadi kulipua. Hapa ndipo mwendo wa nyufa unapoweza kuingia katika kesi: ukuta wa magma ulipojitanua chini ya Gelai, ulibadilisha mvutano na mkandamizo wa miamba ya jirani, na baadhi ya watafiti wanaona kwamba badiliko hilo lilirahisisha magma mpya kupanda Lengai. Ni maelezo yanayoshawishi. Hata hivyo, bila magma iliyokuwa imejiandaa tayari, badiliko hilo lisingeleta lolote, kama tulivyoona Bukoba.

Ufa una kazi nyingine katika kutengeneza magma, na pengine ndiyo inayosahaulika zaidi: kuamua magma itakaa njiani muda gani. Lashaine, kilima kidogo cha volkano karibu na Monduli, kimebeba vipande vya manto vilivyong'olewa kina kirefu na kuletwa juu bila kuyeyuka. Vipande vizito namna hiyo vingezama kama magma ingesimama kupumzika. Ilipata mwanya, ikapanda kwa kasi, ikafika na asili yake yote. Kinyume chake ni Menengai, juu ya mji wa Nakuru, na Olkaria, karibu na Naivasha. Huko magma imekaa ndani ya ganda, ikapoa kidogo kidogo, fuwele zikajitenga, na kilichobaki kikawa na silika nyingi, kizito, chenye gesi iliyobanwa. Magma ya aina hiyo hutiririka kwa shida, na mara nyingi hulipuka. Kasoko kubwa ya Menengai ni jeraha la milipuko hiyo, na mafundi waliochimba visima vya jotoardhi ndani yake walikuta magma yenyewe kwenye kina cha kilomita 2 hivi. Kwa hiyo mlima mmoja hutoa basalti nyepesi na mwingine trakaiti, ile magma nzito ya kutisha, ingawa manto iliyoizaa inaweza kuwa ni ileile. Tofauti imetengenezwa njiani.

Tukio la Afar la Septemba 2005 lilimaliza ubishi kuhusu nani anaweza kumsukuma nani. Katika muda wa wiki chache, karibu na Dabbahu, ardhi ilifunguka kwa urefu wa kilomita 60 na upana uliofika mita 8 mahali pengine. Karibu kilomita za ujazo 2.5 za magma ziliingia kwenye mwanya huo. Nyufa za juu ziliteleza na kuacha ngazi ndefu jangwani, lakini ziliteleza kwa sababu magma ilikuwa ikizisukuma pande zake. Na kilichotoka juu? Tarehe 26 Septemba, mahali panapoitwa Da'Ure, ulizuka mlipuko mdogo wa majivu na mawe mepesi yenye silika nyingi. Tone, ukilinganisha na kilichobaki chini. Kuta nyingine 13 za magma zilifuata hadi 2010, na chache tu kati yake zilitoa lava ya basalti juu ya ardhi. Mambo hayo yalijirudia Ethiopia hiyo hiyo kuanzia mwishoni mwa 2024, kati ya Fentale na Dofen: mfululizo wa matetemeko, makumi ya maelfu ya watu kuhamishwa, magma kuonekana na setilaiti ikipita chini, mvuke na matope kufumuka Dofen Januari 2025, na lava isionekane.

Mambo ni ya hatari zaidi pale magma nyepesi inapokutana na ufa unaoelekea mjini, na hilo ndilo fungu la Goma, mashariki mwa Kongo.

Nyiragongo, mlima wa volkano ulio juu ya mji huo, una kimo cha mita 3,470 na hutoa magma yenye silika kidogo mno na potasiamu nyingi. Wepesi wake ni wa kutisha: tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lilipasua mbavu za mlima na kumwagika kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa saa, na watu hawakupata muda wa kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilifunguka kutoka mlimani kuelekea kusini, lava ikapita Munigi, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, ikakata mji katikati na kuingia Ziwa Kivu. Zaidi ya watu 100 walikufa na mamia ya maelfu walikimbilia Gisenyi. Baada ya hapo ufuo wa ziwa ulionekana kuzama kwa makumi ya sentimita. Mlima haukuwa umefurika tu. Bonde lenyewe lilikuwa limetanuka. Ndiyo maana watafiti wengi wanaitaja 2002 kuwa mfano wa ufa uliotangulia na mlima ukafuata.

Mwaka 2021 ulikuwa na fumbo lake. Jioni ya tarehe 22 Mei lava ilishuka tena, na vifaa havikuwa vimetoa onyo la maana. Uchambuzi uliochapishwa mwaka uliofuata ulieleza kwamba ukuta wa mlima ulipasuka kwa kuchoka, na magma, ambayo tayari ilikuwa karibu kabisa na juu, ikapata njia. Lava ilisimama kabla ya kufika katikati ya mji. Kisha matetemeko yakaanza kuhamia kusini, siku hadi siku, huku ukuta wa magma ukipita mita mia kadhaa tu chini ya Goma na kuingia chini ya ziwa. Barabara zilichanika. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi aliamuru sehemu kubwa ya mji ihamishwe. Magma haikutokeza. Goma wa wiki ile ulikuwa ukiishi juu ya kitu kilekile kilichopita chini ya Gelai mwaka 2007, isipokuwa hapa juu yake palikuwa na watu mamia ya maelfu.

Kilomita 15 hivi kutoka Nyiragongo upo Nyamulagira, ndani ya bonde lilelile, juu ya nyufa za familia ileile. Magma yake si ile ile. Ni ya kawaida zaidi, yenye silika zaidi kidogo, na hutoka mara nyingi zaidi. Anayetaka kanuni moja ya kuunganisha kila ufa na kila aina ya magma atakwama hapa. Chini ya milima hii miwili manto haiyeyuki kwa kiasi kimoja wala katika kina kimoja, na mwendo wa nyufa za juu hauwezi kufuta tofauti hiyo.

Mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa unatoa somo jingine. Una matetemeko mengi na makubwa kuliko wa mashariki, na una Ziwa Tanganyika lenye kina kinachofika mita 1,470, kazi ya nyufa zilizozama kwa mamilioni ya miaka. Volkano zake, hata hivyo, zimejikusanya mahali pachache: magharibi mwa Uganda, Virunga, kusini mwa Kivu na Rungwe. Kwingine bamba ni nene na baridi, na hakuna cha kukamua. Panapotoka kitu, kama kwenye vikasoko vya magharibi mwa Uganda, hutoka kwa potasiamu nyingi mno hivi kwamba mwanajiolojia Arthur Holmes alilazimika kuipa miamba yake majina mapya kutokana na mahali pale: katungaiti, mafuraiti, ugandaiti.

Kati ya tetemeko na mlipuko kuna mjumbe ambaye hupanda kila siku bila kusikika, nayo ni gesi. Utafiti wa mwaka 2016 katika bonde la Magadi na Natron ulikadiria kwamba hewa ya ukaa inayopenya kwenye nyufa za eneo hilo pekee inafika tani milioni 4 kwa mwaka, na asili ya sehemu kubwa ni manto. Karibu na Goma na ufuo wa Kivu, gesi hiyo hujikusanya kwenye mabonde madogo ambayo wenyeji huyaita mazuku, ambako mbuzi, mbwa na watoto wamekutwa wamekufa bila jeraha. Asubuhi isiyo na upepo ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa hewa ya ukaa ni nzito na hukaa chini.

Hata meno yanasimulia. Maji ya visima na chemchemi kuzunguka Mlima Meru yana floridi inayopita mara nyingi kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ni jambo la kawaida vijijini. Floridi hiyo ni sehemu ya tui zito lililotajwa juu: mwamba ulioyeyuka kidogo, ukabeba floridi nyingi, na maji yanayopita kwenye nyufa yakaizoa. Nyufa hizo hizo ndizo zinazopitisha maji ya moto huko Olkaria, ambako mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza mwaka 1981, na leo jotoardhi inaipa Kenya uwezo wa zaidi ya megawati 900.

Tanzania inayo sehemu ambako mambo haya yote yamebanana ndani ya wilaya chache, nayo si Lengai. Ni Rungwe. Mabonde matatu hukutana hapo, la Rukwa, la Usangu na la Nyasa. Mlima Rungwe ulilipuka vibaya miaka 4,000 hivi iliyopita na kutandaza mawe mepesi mbali sana. Kyejo ulimwaga lava mara ya mwisho karibu mwaka 1800. Ziwa Ngozi limejaa ndani ya kasoko. Chemchemi za moto zimejipanga kando ya ufa wa Mbaka, na kampuni ya serikali ya jotoardhi, TGDC, imekuwa ikichimba visima vya utafiti huko. TOL Gases nayo huvuna hewa ya ukaa ya Rungwe na kuiuza kwa viwanda vya vinywaji. Wahandisi hawa hupima joto, shinikizo na gesi kwa ajili ya biashara. Vipimo hivyo vifikishwe pia kwa wanaosoma matetemeko katika Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini na vyuo vikuu, kwa utaratibu wa kudumu badala ya mradi wa miaka miwili, na wakazi wa Tukuyu wapewe taarifa kila hali inapobadilika. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kuhamisha mji kwa siku moja, kama Goma walivyolazimika.